Lori Moja, Baba na Mkamwana Wake

Nilipewa lori la kwenda Dar es Salaam siku ya Jumatatu, na Jumanne jioni kijiji chetu kizima cha Lupepo kilikuwa na habari. Sikumwambia mtu ila mama. Mama alimwambia jirani wa juu, na jirani wa juu alikuwa anakwenda mtoni kuchota maji, basi.

Azimio la Arusha lilikuwa bado changa masikioni mwetu. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa inajengwa, lami vipande vipande, na dereva wa kwenda huko alikuwa mtu wa kuonyeshwa kwa kidole. Mimi nilikuwa na miaka miwili tu ya usukani, tena wa gari dogo la kusomba ndizi hadi Mbeya. Iringa kwenyewe nilikuwa sijafika.

Tajiri wangu alikuwa Mwislamu mwenye duka pale Tukuyu mjini, mtu wa maneno machache. Lori lake lilikuwa limekodiwa kupeleka kahawa ya wakulima, na dereva wake wa siku zote alikuwa amevunjika mkono. Akaniita nyuma ya duka.

"Nakupa gari. Usilikimbize, na usipakie mtu. Linabeba kahawa, halibebi abiria. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

Nilimwelewa vizuri sana. Shida ni kwamba wiki moja kabla nilikuwa nimeshamwahidi mke wangu kumpeleka Uyole. Alikuwa kwao Kiwira tangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, na mdogo wake alikuwa anaolewa Uyole Jumamosi ile. Gari la ndizi lilikuwa likipita Kiwira kila Alhamisi, kwa hiyo nilimwambia asimame kando ya barabara Alhamisi asubuhi, mbele kidogo ya daraja. Mke si abiria, nikajiambia. Ni mtu mmoja na kichanga cha miezi mitatu.

Alhamisi alfajiri nikafika kwa tajiri na kumkuta utingo wangu anakaza kamba za turubai. Alikuwa mtu mzima kutoka Singida, umri wa kunizaa, ameshakwenda Dar es Salaam mara nyingi kuliko nilivyokwenda kanisani. Bila kugeuka akasema, "Dereva, una mgeni."

Baba alikuwa amekaa juu ya mkungu wa ndizi, amevaa koti lake la kanisani na kofia.

"Taata, kuna nini?"

"Nakwenda Iringa kumwona baba yako mdogo. Mama yako amesema gari linapita huko."

"Tajiri amekataza abiria."

"Abiria ni mtu anayelipa," baba akasema, akainuka na kupanda mbele.

Ningefanya nini? Kumshusha baba yangu mzazi, mzee wa kanisa, mbele ya mtu wa Singida? Niliwasha gari. Tulipotoka mjini tu, ndipo nilipokumbuka ni nani anayetusubiri Kiwira.

Lazima nieleze, kwa sababu hata utingo nilimweleza mara tatu na bado alikuwa ananitazama kama ninamtania. Kwetu, mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Mwanamke hamtazami mzee usoni, hamtaji jina, hapiti alipopita yeye. Wakikutana njiani, mwanamke anaacha njia na kuingia migombani hadi mzee apite. Vijana waliosoma walikuwa wameanza kulegeza mambo hayo, lakini si nyumbani kwetu. Tangu nilipooa, mke wangu na baba yangu walikuwa wameishi kiwanja kimoja kama jua na mwezi. Hata kanisani mke wangu alitokea mlango wa pembeni.

Tulipopita Kyimo nilifikiri kutosimama kabisa Kiwira. Nikapata picha ya mke wangu amesimama na mtoto mgongoni na mzigo miguuni, lori la mumewe linampita linamrushia matope. Nikaona heri aibu ya leo kuliko kesi ya mwaka mzima.

Alikuwa palepale nilipomwambia, amejifunika kitenge kwa sababu ya manyunyu. Aliposikia honi akatabasamu, akaanza kuja. Halafu akaona kofia.

Sijawahi kumwona mtu mwenye mtoto mgongoni akikimbia vile. Alizama migombani, mzigo akauacha barabarani. Baba naye alikuwa ameshajifunika koti kichwani, ameinama hadi magotini.

"Simamisa gali!" akapiga kelele kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda ili utingo asikie. "Umenitega! Umemtega baba yako!"

"Sikukutega, taata! Wewe ndiye hukualikwa!"

Utingo akaruka kutoka nyuma, akachungulia dirishani. "Dereva, hawa wamegombana?"

"Hawajagombana!"

"Sasa mbona wanakimbiana?"

"Wanaheshimiana!"

Akaenda kuokota ule mzigo.

Nikaanza safari zangu kati ya lori na migomba. Mke wangu alikuwa amekaa chini, amegeuka upande wa pili, na mtoto analia. Nikamwomba apande nyuma, akae juu ya magunia. Akanijibu kwa utulivu ulioniudhi zaidi kuliko kama angepiga kelele, "Nikae juu, na yeye yuko chini yangu? Unataka watu waseme nini?" Nikarudi kwa baba nikamwomba apande nyuma. Kutoka ndani ya koti akasema hana neno, lakini hawezi kushuka wakati mtu yule yuko karibu, hata kama amegeuka. Nikarudi migombani kumwomba mke wangu asogee mbali zaidi. Nikarudi. Manyunyu yakawa mvua. Wanawake waliokuwa wanakwenda gulioni walisimama kutazama, na mmoja akanipa ushauri kwa sauti kubwa kwamba nikodi gari la pili.

Hatimaye baba alipanda juu ya kahawa, tukamfunika kwa turubai mwili mzima kama mzigo, utingo akakaa karibu naye kuhakikisha hachungulii. Mke wangu akaja akaingia mbele, kitenge usoni. Saa nzima na zaidi ilikuwa imepotea, na tulikuwa bado hatujatoka wilayani Rungwe.

Kwa hasira hizo nikaukabili mlima wa Isongole. Lori lile lilitaka dereva mwenye moyo mtulivu. Gia zake ziliingia kwa kukanyaga klachi mara mbili, na ukikosea ilikuwa ni kuanza upya. Nikakosea. Gari likazima katikati ya mlima na kuanza kurudi nyuma taratibu, breki nimezikanyaga hadi mwisho, tairi zinateleza kwenye udongo mwekundu.

"Gogo!" nikapiga kelele. "Weka gogo!"

Utingo alikuwa ameshashuka na kuliweka nyuma ya tairi, lakini gogo moja halikutosha, gari lililisukuma. Mke wangu akafungua mlango akaruka na mtoto mgongoni, akaanza kutafuta mawe mtaroni. Kwenye kioo cha pembeni nikaona turubai linafunuka na baba anashuka, koti limemfunika kichwa chote, anapapasa ukingo wa barabara kama kipofu.

Hapo hasira zikaniisha kwa muda. Niliogopa. Nilikuwa nimekanyaga breki, siwezi kutoka, na watu wangu wote wako nyuma ya tani saba zinazoteleza.

Nikasikia sauti ya baba. Alikuwa amewapa wote mgongo, anaongea na korongo la kando ya barabara.

"Mwambie mtu huyo jiwe lile ni zito. Achukue la kushoto."

"Mama," utingo akasema, "unaambiwa uchukue la kushoto."

"Mwambie nimeshalishika hili," mke wangu akajibu, naye akiwa ameinamia mtaro.

"Baba, ameshalishika hilo."

"Basi aliweke kwenye tairi la ndani. Na mtoto atolewe mgongoni, apewe mtu."

Jiwe likakaa chini ya tairi. Lori likatulia. Nilipohakikisha limekaa nikashuka. Mke wangu alikuwa ameshamfungua mtoto na kumkabidhi utingo, na utingo alimpeleka kwa baba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mjukuu wake, maana tulikuwa tunangoja mtoto akomae ndipo apelekwe Lupepo. Baba akafunua koti kidogo, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, mvua inatiririka kwenye ukingo wa kofia. Akamwambia utingo, "Masikio ya kwetu." Halafu akageuka kwangu na kusema kwa Kinyakyusa kwamba gari haliendeshwi kwa kufoka.

Nilirudi kwenye usukani, vinginevyo ningemjibu neno la kujutia.

Tulipanda mlima kwa awamu, gari linakwenda hatua tano, gogo, hatua tano, gogo. Uyole tulifika mchana mkubwa. Mke wangu akashuka bila kuniaga vizuri, akaenda kwenye nyumba ya arusi. Baba akaja tena mbele, akalala hadi Makambako. Iringa nilimkabidhi kwa baba mdogo, na nikamsikia baba akimwambia mdogo wake kwamba safari ilikuwa njema, ila dereva bado mwanagenzi.

Dar es Salaam tulichelewa siku moja na nusu. Mwenye ghala alikuwa na maneno yake, nikayameza yote. Nilipita katika mji ule mkubwa niliouota tangu utotoni, na sikumbuki chochote ila foleni ya kushusha magunia na miguu yangu iliyovimba.

Wakati wa kurudi nilipiga hesabu njia nzima. Baba yuko Iringa, anasubiri. Mke yuko Uyole, anasubiri. Nikapanga kwamba baba atashuka Igawa na kupanda basi. Nikapanga na maneno ya kumwambia, nikayafanyia mazoezi kwa sauti, utingo anatikisa kichwa. Tulipomchukua Iringa, baba aliyasikiliza yote. Kisha akasema hashuki Igawa, ana begi zito.

Basi tukafika Uyole hivyohivyo. Nikasimamisha lori mbali na ile nyumba, baba akajifunika koti bila kuambiwa, mimi nikaenda kwa miguu kubisha hodi. Shemeji yangu akafungua.

"Mwenzio ameondoka juzi na basi kwenda nyumbani kwenu, asipande tena lori moja na mzee," akasema. "Amesema umpeleke baba yako salama, na ukifika nyumbani ule kwanza, ndipo mzungumze."

Nikamshukuru shemeji. Kisha nikarudi nikamwambia baba anaweza kufunua uso.