Karamu Isiyo na Msemaji

Miaka ya hamsini, kule Iringa, watu wa mtaa wetu tuliamua kula pilau pamoja baada ya mavuno. Mkusanyiko ulihitaji kibali, kwa hiyo tukaenda Boma, kwenye ofisi ya serikali ya kikoloni: mama muuza vitumbua, fundi cherehani, na mimi, niliyechukuliwa kwa kuwa nimetembea hadi Mombasa na eti sitishiki. Mlangoni niliwatanguliza wao.

Karani hakuinua macho. "Nani atahutubia?"

Siku zile mtu aliweza kulala mahabusu kwa kuhutubia. Fundi akanikanyaga mguu ninyamaze.

"Hakuna, bwana," alijibu mama, akisokota pindo la kanga. "Tutakula tu."

"Mtaa mzima, bila neno?"

"Bila neno, bwana."

Karani akagonga muhuri. "Askari atakuja kusikiliza."

Alikuja kweli. Kwa heshima tukampa sahani yake peke yake. Sisi tukala kimya kwenye masinia; hakuna aliyesema karibu, wala kwamba chumvi imezidi, na ilikuwa imezidi. Mimi, ninayesema hata usingizini, nilijaza wali mdomoni, ulimi usije ukanisaliti.

Askari akatutazama mmoja mmoja. Akarudisha tonge sahanini.

"Jamani," alinong'ona, "mmenitilia nini humu?"

Mama akaweka chini birika la kunawia, akachota kwenye sahani ya askari, akala.

"Chumvi, mwanangu," alisema. "Nilitia mara mbili kwa kukuogopa."

Hiyo ndiyo hotuba pekee iliyotolewa siku ile, na aliyetumwa kuisikiliza alicheka wa kwanza.