Nyuma ya Ramani ya Pango

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa nasuka nywele Kenyatta Market, Nairobi, na Jumapili alasiri nilikuwa shujaa mwenye ngao. Usicheke. Mteja wangu mmoja, msichana wa Karen, mtaa wa matajiri, ambaye kichwa chake kilinichukua saa sita kukimaliza, ndiye aliyenialika kwenye mchezo wa kaka yake: watu wanne mezani, kila mmoja na shujaa wake wa kubuni, wanaingia mapangoni kupigana na mazimwi kwa dadu na maneno. Kaka yake alikuwa refa. Ndiye aliyebuni mapango, akawachezesha maadui, na kuamua nani kapigwa na nani kakwepa.

Nilinogewa. Kitabu cha sheria nilikitoa fotokopi mjini, nikakisoma wateja wakiwa chini ya draya, mpaka nikakijua kuliko mwenye mchezo. Katikati ya wiki refa alikuwa akinipigia simu kutoka ofisini kwake.

"Sasa, niambie, mtu akimkimbia adui, anapigwa bure ama?"

"Anapigwa mara moja," namjibu, kitana kikiwa mdomoni. "Lakini akirudi hatua moja tu, polepole, hapigwi."

Miaka mitatu hivyo. Nilijiona mtu. Nyumba yao tulikochezea, yenye mbwa wawili na zulia la kuzamisha miguu niliingia kwa mlango wa mbele, kwa sababu ya akili yangu.

Sikatai, nilikuwa mbishi. Refa akikosea hesabu ya pigo nilimsimamisha papo hapo. Nilidhani ndiyo kazi yangu pale mezani.

Jumapili moja tuliingia pango jipya. Mlango wa jiwe ukashuka ghafla, mimi upande huu, wenzangu upande ule. Kisha ukungu ukaja ukaharibu dawa zangu zote za kuponya majeraha. Nikaomba ramani nitafute pa kutokea. Refa alikuwa na tabia ya kuchora ramani nyuma ya karatasi alizochapisha saiba, kule kwa kompyuta za kukodi, na hiyo akanisukumia bila hata kuiangalia. Nikaigeuza.

Upande wa pili kulikuwa na mazungumzo ya mtandaoni, marefa wa nchi mbalimbali wakishauriana. Swali la kwanza lilikuwa lake. "Kuna mchezaji mmoja, msusi wa dada yangu. Anajua sheria kuliko mimi na hanyamazi. Nimuue vipi shujaa wake ionekane ni bahati mbaya, achoke aache kuja?" Kwa Kiingereza safi kabisa.

Majibu yakafuata. Mtenganishe na wenzake. Mnyime dawa. Kisha mletee zimwi, na dadu uzirushe mahali asipoziona. Yote matatu yalikuwa na tiki. Pembeni ya lile la pili, kwa mwandiko ule ule uliotuandikia majina ya mashujaa wetu, dada yake alikuwa ameandika: "Weka ukungu, itakuwa poa." La chini kabisa lilisema, kama ni rafiki yako, si umwambie tu? Hilo alikuwa amelikata kwa kalamu nyekundu.

Niliumia hadi masikio yakawaka moto. Msusi wa dada yangu. Miaka mitatu ya kumjibu maswali, na mbele ya watu wasionijua hakuweza hata kuniita rafiki.

"Zimwi linatoka gizani," refa akasema, dadu mkononi. "Unafanya nini?"

Nikaiweka karatasi mezani, maandishi juu. "Hili swali mbona hukuniuliza mimi?"

Akaitazama. Dada yake akaanza kuzipanga penseli.

"Wacha basi," refa akasema. "Ni gemu tu."

Nikachukua dadu zangu, nikatoka kwa mlango ule ule wa mbele. Hakuna aliyenifuata, mbwa tu. Dada yake naye akatafuta msusi mwingine.

Mwezi mmoja baadaye simu ikalia saa ya lanchi, nikiwa na mteja.

"Sasa," refa akasema, kana kwamba hakuna kilichotokea. "Mtu akiangushwa chini, kuinuka kunakula zamu yake ama?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia awaulize wale wa mtandaoni, nikakata simu. Nilipomrudia mteja, mstari wa nywele ulikuwa umeenda upande. Nikaufumua wote nikaanza upya.