Wiki ya Poissons niliyoitunga mwenyewe

Aibu yangu wengi mnaijua, lakini mnaijua kwa midomo ya watu, na midomo ya watu imeongeza mambo (eti nilirushiwa maji machafu, hapana, hakuna mtu aliyenirushia kitu, ingekuwa afadhali), kwa hiyo acha niisimulie mimi mwenyewe, Koko Madeleine, bibi muuza pondu (majani ya muhogo) wa soko la Mangobo, miaka yangu siijui vizuri ila magoti yanaijua, na shule niliishia mwaka wa tatu kwa masista, nikatoka na kusoma kidogo Kiswahili na Lingala, na Kifaransa cha kuombea chumvi.

Pale sokoni tunakaa watatu, au tulikuwa tunakaa. Albertine anauza samaki wa kukaushwa, ni mtu wa mto, wa upande wa Isangi. Kahambu ni Mnande wa Butembo, anauza maharage ya kupima kwa mizani. Na mimi na majani yangu katikati. Kila Jumatatu Papa Dieudonné mwenye kibanda cha fotokopi alikuwa ananipa karatasi ya horoscope, utabiri wa nyota wa wiki, ameitoa kwenye internet, nami nampa fungu la pondu, na mimi ndiye niliyekuwa msomaji, juu ya sababu wenzangu hawakuona shule hata ya mwaka mmoja. Sasa hizo nyota zinataka tarehe ya kuzaliwa, na tarehe nani anayo? Kahambu alizaliwa wakati wa kuvuna maharage, Albertine mama yake alimwambia ni mwaka maji yalipoingia nyumbani, basi. Donc tuligawana kufuatana na kazi: Albertine akawa Poissons, yaani Samaki, juu ya samaki wake, Kahambu akawa Balance, Mizani, juu ya mizani yake, na mimi, kwa kuwa pondu haiko huko juu mbinguni, nikajipa Lion, simba.

Nilikuwa nasoma neno moja na kutunga kumi. *Amour*, mapenzi, nalijua, *travail*, kazi, nalijua, *santé*, afya, nalijua, mengine yanatoka kichwani. "Balance, wiki hii utapendwa na mwanaume mwenye meno mawili," nasema, na Kahambu anacheka mpaka mizani inatingishika, anajibu, "Hayo mawili yananitosha, Koko, mimi mwenyewe nimebakia na matano!" Wateja walikuwa wanasimama kutusikiliza. Kwangu ilikuwa wazi kwamba sote tunajua ni mchezo. Mara moja niliisomea Poissons kwamba itapoteza kitu cha chuma, na kisu cha Albertine kikapotea siku ileile (kilikuwa kimeanguka nyuma ya magunia, alikipata baada ya wiki mbili), na alicheka kuliko sisi wote. Sikumtazama macho. Ningemtazama macho siku ile, leo nisingekuwa na kitu cha kusimulia.

Bon. Jumatatu moja mvua ilinikuta njiani, karatasi iko chini ya kikapu, na Poissons ni nyota ya mwisho kabisa, iko pale chini penye maji. Nilipoifungua, Poissons yote ilikuwa wino tu. Ningesema: imelowa, tungoje wiki ijayo. Maneno manne, si zaidi. Lakini nilisikia haya, juu ya msomaji ni msomaji, nikakunja uso kama sista aliyekuwa ananifundisha na nikasoma polepole:

"Poissons. Wiki hii watu watatoka kwenye maji kuja kwako. Midomo yao ni mitamu. Funga mlango. Ukiwafungulia, nyumba italia."

Nilikuwa namtania juu ya wale wavuvi wake wanaomletea samaki wazuri juu na waliooza chini. Kahambu akapiga makofi. "Funga na kufuli mbili, mama! Banakuletea harufu tu!"

Albertine alicheka. Halafu akauliza, "Inasema siku gani?"

Na mimi (Mungu anisamehe, mimi siwezi kujisamehe) nikasema, "Wiki muzima."

Sasa mjue jambo nililokuwa silijui mimi. Albertine ana binti, Béatrice, mtoto wake wa mwisho. Béatrice alikuwa anaishi na kijana mmoja wa Basoko, Trésor, mwaka wa pili, bila familia kujuana, na alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kitu alichokuwa anaomba ni kimoja tu: mtoto azaliwe wakati wakwe wameshaingia nyumbani kwa mama yake na kusema sisi ndio wenye mtoto. Na wakwe walikuwa wamekubali. Walikuwa wanakuja Jumamosi ya wiki ileile, kutoka Basoko, kwa mashua, kujionyesha kabla ya kuzungumza mahari. Albertine alituficha siku, hata sisi, juu ya huku kwetu jambo zuri linafichwa mpaka uwe umelishika mkononi, macho ya watu ni mengi. Donc alikuja sokoni na siri yake, na mimi nikamsomea kufuli.

Jumamosi, saa nne ya asubuhi, nilikuwa napita kwake kumwachia pondu ya chakula, nikakuta watu wamesimama mbele ya parcelle, kiwanja chake. Wazee watatu wamevaa makoti, mama mmoja na kitambaa kipya kichwani, kasha la bia, mbuzi mweusi. Mlango una kufuli. Trésor nilikuwa nimezoea kumwona juu ya pikipiki, na mimi sikumtambua kijana aliyeinama kando na shati jeupe. Nikauliza wanatoka wapi. "Basoko," akasema mzee mmoja, Papa Bolamba, baba mkubwa wa kijana. "Tunatoka kwenye mashua."

Jamani! Nilishika kiuno, nikacheka, mimi huyu, mbele ya wageni. Niliita kwa sauti ya sokoni, "Albertine! Ooo Albertine! Batu yako ya maji banafika kweli, na banakuya na mbuzi!"

Papa Bolamba akanitazama. "Mama, weye unajua sisi?"

"Si minasoma ninyi kwenye horoscope!" nikamjibu, na nikaanza kumweleza yote, kwa furaha, kwa mikono, jinsi karatasi ilivyolowa, jinsi nilivyotunga watu wa maji wenye midomo mitamu, jinsi nilivyosema funga mlango, nyumba italia, na jinsi Albertine alivyouliza siku gani na mimi nikasema wiki nzima. Nilikuwa nacheka peke yangu. Niliona hawacheki, nikaongeza sauti (mjinga anaongeza sauti), na ni pale kwenye neno "mlango" mara ya pili ndipo macho yangu yalikwenda kwenye kufuli, kisha kwenye mbuzi, kisha kwenye lile shati jeupe, na hapo nikamtambua Trésor.

Waliosikia nawakumbuka wote: Mama Sifa wa mikate, Papa Lokwa fundi wa pikipiki na mke wake Néné, Mama Charlotte, Jeannette wa simu, mzee Anzuluni ambaye siku zote hasikii lakini siku ile alisikia. Na Albertine alisikia. Alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, amejifungia tangu asubuhi. Alitoka polepole na ufunguo mkononi.

"Madeleine. Haikuandikwa?"

"Ilikuwa maji tu, Albertine."

"Uliitoa kichwani?"

Niliweka pondu yake chini, mbele ya mlango.

"Minawasikia banagonga," akasema, hata hakupaza sauti, "minaziba masikio. Minasema wiki ipite tu, nitabaambia nilikuwa mugonjwa. Juu ya karatasi yenye haiko na kitu!"

Wakati uleule Béatrice akafika mbio kutoka kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, mkono mmoja umeshika tumbo. "Mama, juu ya nini mulango iko na kufuli?" Albertine alikuwa ameanza kufungua, ufunguo unakataa, anasema ingieni, ingieni wakwe zangu, na Papa Bolamba akainua mkono.

"Siku mbili juu ya maji, mama. Kwetu, wakwe wakikuta kufuli, wamepata jibu. Sasa unafungua juu ya aibu. Tulitaka ufungue juu ya mutoto."

Wakachukua kasha lao. Mbuzi akakataa kuondoka, akalala barabarani, wakamvuta kwa miguu, na watoto wakacheka. Nilitamani wanivute mimi.

Kesho yake, Jumapili, sikwenda misa, nilikwenda bandarini. Niliwakuta wanapakia. Nikapiga magoti kwenye matope mbele ya wasafiri wote, nikasema kosa ni langu, bibi mzima, Albertine hana dhambi, binti hana dhambi. Yule mama wa kitambaa akacheka. "Inuka, Koko, utachafua nyota yako." Watu wa mashua wakapokea kicheko.

Papa Bolamba hakucheka. Alinishika mkono akanisimamisha, kwa heshima, na hiyo heshima iliniuma zaidi. "Mama, weye unajua wiki za watu," akasema. "Basi utuambie. Sisi tutarudi lini?"

Nilisimama pale na kanga yangu ya matope. Mashua ilitoka. Trésor alipanda nao, eti aende kuwatuliza wazee.

Ni mwezi wa nne sasa tangu siku ile. Trésor alipiga simu mara mbili, halafu simu ikawa inaita tu. Albertine amehamisha meza yake upande wa mafuta ya mawese, ananigeuzia mgongo. Kahambu yuko, anapima maharage yake, hatuna la kucheka. Papa Dieudonné nilimwambia karatasi zake azifungie karanga.

Béatrice peke yake ndiye anayenisalimia. Anapita na ndoo kila asubuhi, "Mbote Koko," na anakwenda. Juzi hakwenda. Alitua ndoo, tumbo limeshuka sana, siku zake zimekaribia, akatazama nyuma kama mama yake haoni, akainama karibu na majani yangu.

"Koko, nyota yangu mimi inasema nini?"

Nilitafuta usoni mwake kama anacheza. Hakuwa anacheza.

"Sijui kusoma, mwanangu," nikamwambia, na yeyote atakayeniuliza mpaka nife, nitamjibu hivyohivyo.