Komando na Maneno ya Kadi

Wagonjwa walimwita Komando, na jina lilimkaa. Nesi wa wodi ya wanawake, mfupi, mnene, viatu vya raba, ulimi hauna breki. Ukimuuliza kama sindano itauma, anakwambia itauma. Ukimuuliza kama mguu utakatwa, anavuta kiti, anakushika mkono, anakwambia utakatwa, kisha anakaa nawe mpaka umalize kulia. Watu walimlalamikia, ndiyo, lakini mtu akiwa na swali zito hakumtafuta nesi mwingine.

Basi hospitali ikapata uongozi mpya, na uongozi mpya ukaja na semina. Mgonjwa si mgonjwa tena, ni mteja. Mlangoni pakafungwa mashine yenye vitufe vya nyuso: uso unaocheka, uso ulionuna, mtu abonyeze akitoka. Manesi wakapewa kadi ya kuning'iniza shingoni, imeandikwa maneno ya kusema kila kitandani, neno kwa neno, bila kuongeza chako. Ukiulizwa lolote kuhusu hali ya mgonjwa, unajibu: "Unaendelea vizuri, uko kwenye mikono salama." Ukiondoka: "Kuna lingine naweza kukusaidia? Nina muda." Eti nina muda. Nesi mmoja, wodi nzima imejaa hadi chini, na dripu zinaisha zote kwa mpigo. Hata shetani angeona haya kusema hivyo.

Komando aliicheka semina mwanzo mpaka mwisho. Kisha nyuso zilizonuna zikamwangukia, akaitwa ofisini, akaambiwa abadilike au akahesabu mashuka stoo. Akameza. Akaanza kuisema kadi, mwanzoni kwa kejeli, akiwakonyeza wenzake. Miezi ikapita, kadi ikachakaa, naye akawa haitazami tena. Maneno yalitoka yenyewe, huku mikono inafunga bandeji na akili imeshatangulia kitanda kinachofuata. Siku moja mumewe alimwambia mchuzi umezidi chumvi, akajibiwa, "Asante kwa maoni yako." Maskini, mwanamume alicheka mpaka akapaliwa. Komando hakucheka.

Ndipo mama yake mzazi akalazwa, wodi hiyohiyo, tumbo limejaa maji. Bibi yule hakuwa na ugomvi na kifo. Alichokataa ni kufia pale. "Kama kuna kupona, nichomeni sindano mpaka mchoke," aliwaambia wanawe wawili. "Kama hakuna, nirudisheni kitandani kwangu, nisikie kuku wangu."

Mdogo wake Komando, seremala, akapanua mlango wa chumba cha mama ili machela ipite, akasogeza kitanda dirishani, akaazima pikapu kwa rafiki. Wote watatu walikubaliana: majibu yakitoka, Komando ndiye atakayemwambia mama. Nani mwingine? Huyo hajui kumpaka mtu mafuta.

Majibu yalitoka asubuhi. Daktari alimwita pembeni: saratani, imelishika ini lote, zimebaki siku tu. Komando akapiga moyo konde. Alipanga amalize kugawa dawa, avue sare, akae na mama yake kama mwana, si kama nesi. Lakini asubuhi hiyo bosi wa huduma kwa wateja alikuwa amemganda mgongoni, anasikiliza kila neno, na kitanda cha mama kilikuwa katikati ya safu.

Alibadilisha dripu, macho kwenye matone.

"Majibu yametoka?" mama akauliza. "Nikoje, mwanangu?"

"Unaendelea vizuri, uko kwenye mikono salama."

Yalimtoka kama jasho linavyomtoka mtu. Alikuwa ameshafika kitanda cha pili kutoka hapo ndipo akasikia alichokisema. Aligeuka nyuma. Mama yake alikuwa amefumba macho, anatabasamu, midomo inamshukuru Mungu. Nitarudi, alijiambia, nimalize tu safu hii. Mgonjwa wa mwisho akaanza kutapika damu, na mchana wote ukaishia hapo.

Aliporudi, pikapu ilikuwa imekuja na kuondoka.

"Nimemrudisha mdogo wako," mama alisema. Alikuwa anakunywa uji kwa hamu ambayo hawakuiona tangu alazwe. "Nimemwambia napona. Akabisha kidogo. Nikamwambia, dada yako ndiye kasema, na dada yako hajawahi kunidanganya tangu nimzae."

Komando akavuta kiti. Akamshika mkono. Mama akaanza kumweleza atakavyopaka chokaa ukuta wa nyuma mvua zikiisha, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtoto. Mwanamke aliyekwisha kuwaambia watu wengi hivyo yanayouma alikaa pale akijilaani kimoyomoyo, na hakuweza kumwambia. Alijiambia kesho. Kesho yake mama aliamka maneno hayaeleweki, na keshokutwa akakata roho kwenye kitanda cha chuma, pazia limevutwa nusu, jirani yake anakoroma.

Seremala alikuja na pikapu ileile. Walipakia mwili, wakakaa wawili mbele, na hakuwasha gari.

"Ulimwambia anaendelea vizuri," alisema. "Mimi nikajua umeona kitu kwenye vipimo. Nilirudi nyumbani nalia kwa furaha njia nzima."

"Nilijua anakufa," Komando alisema. "Daktari alikuwa ameshaniambia. Nilimdanganya mama."

Mdogo wake alishika usukani kwa mikono miwili, kucha zimejaa gundi ya mbao.

"Dada," alisema, "basi ungenidanganya na mimi."