Kinanda Kilichokosa Sol

Enzi zetu, jamani, kitu kikiharibika kilitafutiwa dawa. Hakuna aliyesema "tununue kingine," maana kingine kingetoka wapi? Miaka ile baada ya vita hata sabuni ilikuwa ya foleni.

Kanisa letu la Kisarawe lilikuwa na kinanda cha umeme kilichoachwa na wamisionari, kizito kama kabati la vyombo, na jenereta yake ilikunywa dizeli bila huruma. Mpigaji alikuwa baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, naye alijua ufunguo mmoja tu wa muziki. Nyimbo zote, za furaha na za msiba, tuliimba humo humo. Masika moja unyevu ukaingia, noti ya sol ikafa. Sol zote, za juu na za chini, kimya! Tukazoea kuiziba kwa mdomo: kinanda kikinyamaza, kanisa zima "ooo," wimbo unaendelea.

Hatukuona aibu mpaka shangazi Tabu alipochumbiwa na watu wa Kibaha. Wakwe wale walivyojisifu kwa kinanda chao, we acha tu! Baba akamwahidi dada yake, "Utaingia kanisani kwa kinanda kizima, Tabu. Hawatucheki hawa."

Wiki ya harusi akazitoa bodi za ndani ya kinanda, akazitandaza mkekani pale pale kanisani, kila noti na bodi yake. Akang'oa transista ya fa, kidude chenye miguu mitatu, akakilehemu kwenye bodi ya sol kwa bisibisi iliyopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Lo! Sol ikalia, fa ikanyamaza. Kumbe bodi ni nzima, transista ndiyo iliyokufa. Inayofanana nayo aliijua moja tu, nayo ilikuwa ndani ya redio ya bibi.

Redio ile! Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na wakati wa matangazo ya vifo hukohoi. Baba alizunguka uani wee, kila akifika mlangoni anarudi. Bibi mwenyewe akamwita.

"Chukua, mwanangu. Vifo nitaambiwa na majirani. Harusi ya Tabu nitaisikia mwenyewe."

Shangazi akaingia kwa kinanda kizima, na wakwe shingo wakazirefusha. Niliona fahari mpaka machozi yakanilenga. Halafu, katikati ya wimbo wa mwisho, sol ikakata tena. Ndipo bibi, benchi la mbele, akapaza sauti: "Ooo!" Kanisa likamfuata, na wakwe wakafuata, na shangazi akacheka ndani ya shela huku analia.

Redio haikupona. Kila jioni majirani walipita barazani kumpa bibi habari za misiba, na chai ikawa haitoshi.

Vijana wa leo wana kinanda chembamba kinachojipigia na ngoma. Kikigoma kidogo, wanakitupa stoo na kuchangisha. Juzi tulimzika shangazi huko Kibaha. Mpigaji jicho moja lilikuwa kwenye simu, na kinanda hakikukosa noti hata moja. Lakini wimbo ulipofika pale kwenye sol, mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Ooo!" Wajukuu wakageuka kunicheka. Nilitaka kunyamaza, nikasikia mzee wa upande wa wakwe nyuma yangu, sauti imekwaruza, naye anaiziba.