Munkoyo ya Alhamisi

Ilianza Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi, saa tisa ya mchana, baba alipotoka chumbani amevaa koti lake la harusi na kuniambia nichukue kalamu. Alikuwa anakwenda kuacha pombe. Kumbe pombe huachwa mbele ya watu, na kwa maandishi.

Mwaka huo bwana wa kambi yetu ya wafanyakazi alikuwa amemkuta baba mara mbili amelewa, sirene ya asubuhi ya kuita watu kazini ikilia. Alisema mara ya tatu itatutoa katika nyumba ya kazi, sisi wote saba, turudishwe kaskazini kwa treni, kwenye kijiji nisichokijua hata kwa picha. Masomo yangu yangeishia hapo. Njia ilibaki moja: baba ahudhurie kundi la kuacha pombe mpaka Noeli, kisha alete barua ya prezida, yaani mwenyekiti wa kundi.

Kulipata kundi lenyewe kulikuwa kumechukua majuma mawili. Padri alimtuma baba kwa katekista, katekista akamtuma kwa seremala, na seremala, akiwa amekaa baa, alimwelekeza kwa kidole kwenye darasa la watoto wa mwaka wa kwanza. Hapo tayari nilijua ni kundi la namna gani.

Mama alitaka nimsindikize kwa sababu njiani kuna nyumba tatu za wanawake wanaopika lutuku, pombe kali ya kienyeji, na baba ana adabu sana, hawezi kupita mlango wa mtu bila kusalimia.

Walikuwa wanaume kumi na wanne, wamejibana kwenye meza za watoto, magoti karibu na kidevu. Prezida alikuwa karani kutoka Kasai, bado amefunga vibanio vya baiskeli kwenye suruali. Aliwasemesha Kifaransa wale wasiokijua, na mimi ninayekisoma akanisemesha Kiswahili. Alipoona kalamu yangu alitangaza kwamba Mademoiselle, yaani huyu binti, atakuwa sekretere, akanipa daftari la kundi. Hakuniuliza. Angeniuliza ningeangalia chini tu, kama kawaida yangu. Akanikalisha kando ya ndoo ya munkoyo iliyopikwa na bibi yake wa ndoa, eti mdomo wa mtu anayeacha pombe usikae bure. Munkoyo ni uji mwepesi wa mahindi na mizizi, sisi sote tumekunywa tangu utotoni.

Nilidhani watalia. Wa kwanza alieleza alivyokunywa siku mbili kwenye matanga na bado akafika kazini kwa baiskeli. Wa pili akasema siku mbili si kitu. Wa tatu, mtu wa kwetu kaskazini, alianza kujisifu kwa kasala, kama wanavyosifiwa wakubwa: mwana wa fulani, mmeza mitungi, aliyeangusha, yeye na rafiki yake, mlango wa mama mkwe. Wakapiga meza kwa furaha. Mmoja akamsahihisha: "Wee, ile siku hatukukuwa babili, tulikuwa batatu." Mimi niliandika: alikiri, alikiri, alikiri.

Kila aliyemaliza nilimchotea kopo, na aliyeomba akingoja zamu yake pia. Nilipoinama kuchota, harufu ilinichoma pua. Kwetu mama hupika munkoyo leo, tunaimaliza kesho. Ikilala zaidi anatukataza kuigusa, maana inageuka pombe kama pombe nyingine. Hii ilipikwa Alhamisi, kwa kuwa Jumamosi wanawake wanashinda kwenye mstari wa posho, na joto la juma lile lilikuwa la kuivisha mayai. Basi watu walioacha pombe walikuwa wananyweshwa pombe na prezida wao, baada ya sala.

Ningeweza kusema. Niliangalia kucha zangu.

Baba alisimama mwisho, makopo matatu tayari tumboni. Si mtu wa maneno. Alisema: "Miye niko na nyumba, niko na bibi, niko na huyu mutoto anajua Kifaransa. Sitaki bamurudishe ku kijiji." Kisha akasahau yanayofuata, akacheka, akaomba la nne.

Prezida aliniinamia. "Andika, Mademoiselle: bote bako bazima."

Niliandika, kwa Kifaransa kizuri, bila kosa hata moja. Baba aliimba njia nzima, na mama alinitazama kama mimi ndiye niliyemchotea. Na kweli, ni mimi.

Asubuhi niliamka kabla ya sirene, nikammwagia maji kichwani, nikamnywesha chai, nikamfuata kwa hatua kumi nyuma mpaka lango la kazi. Mlinzi, ambaye kazi yake ni kunusa midomo ya watu, jana alikaa meza ya mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya baba. Alinusa kwa bidii sana. "Pita, yaya," akasema, kama anayemwambia kaka yake.

Kutoka hapo nilikwenda kwa prezida. Bibi yake alikuwa anafagia, na ndoo ya munkoyo iliyobaki ilikuwa mlangoni, imefunikwa sahani. Nilisema nikiitazama ndoo, kwa sababu yeye sikuweza: "Mama, hii haiko tena ya batoto. Iko pombe."

Aliegemea ufagio. "Nilimuambia bwana yangu. Akasema weye bibi haukusoma."

Nilimwambia Jumamosi, baada ya posho, nitakuja tupike pamoja. Aliondoa sahani. Nikainamisha ndoo, nikaimwaga yote kwenye mfereji. Niliyoyaandika daftarini sikuyagusa, ile barua ya prezida bado tunaihitaji. Halafu nilikimbia masomoni, nikachelewa, mikono yangu inanuka pombe.