Mkono Mmoja Ukumbini

Nilijiunga na klabu mwaka uliofuata kifo cha mume wangu. Si kwamba mpira ulikuwa umenikaa moyoni. Nilikuwa nimechoshwa na Jumapili alasiri. Watoto walikuwa wameshaondoka. Mmoja yuko Nakuru, mwingine Donholm, hapa hapa Nairobi, ambako si mbali na kwangu Jericho, ila kwa mtu mwenye kazi na watoto wadogo kunakuwa mbali kama Mombasa. Nikitoka kanisani nilikuwa nafungua mlango, nawasha redio, naiacha iongee peke yake.

Aliyenitoa nyumbani ni jirani yangu wa soko la Gikomba. Mimi nauza mapazia ya mitumba, yeye nguo za watoto, meza kwa meza. Ni Mswahili wa Pumwani, mjane kama mimi, na uwanjani sauti yake ilizidi ya wanaume. "Njoo tukapige kelele, dada," aliniambia. "Ukikaa humo ndani utaota ukungu."

Nikaenda. Tukapiga kelele. Baada ya mechi tukavuka barabara hadi soko la Burma kula nyama na wenzetu wa mstari wetu wa viti, meza moja ndefu, watu wakikatiana maneno. Nilirudi nyumbani sauti imekauka, nikalala vizuri.

Klabu yetu haikuwa na tajiri. Ilikuwa mali ya sisi wenye kadi, na katiba yake ilisema kila mwanachama ana kura moja, awe mwalimu wa chuo kikuu au msukuma mkokoteni. Mkutano mkuu wa kwanza niliohudhuria tulichagua viongozi kwa kura ya siri. Nilikunja karatasi yangu nikaitumbukiza kwenye sanduku, na yule niliyemtaka awe mweka hazina akashinda. Labda utacheka, lakini nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na sikuwahi kuona jambo nililolitaka likitokea kwa sababu nami nilikuwa mmoja wa waliolitaka. Kanisani viongozi wa akina mama huteuliwa na mchungaji. Sokoni mwenyekiti ni yule yule tangu nifike.

Ndiyo maana siku ile ya mkutano mwingine nilishindwa kunyamaza.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa mtu mwema, hilo nalisema wazi. Nilipolazwa hospitali alikuja kunitazama na matunda. Siku hiyo alisimama mbele ya ukumbi akatueleza kuwa amepatikana mfadhili. Tutapata basi, jezi na kocha wa maana. Ila mfadhili hataki viongozi wanaobadilishwa kila uchaguzi. Kwa hiyo tunaombwa tubadilishe katiba, kazi ya kuchagua viongozi tuwaachie wadhamini wachache watakaoishika klabu kwa niaba yetu, na ambao wataendelea kuteuana wenyewe.

"Nyinyi mtabaki wanachama," alisema. "Kinachobadilika ni utaratibu tu."

Nilisimama. "Na tukiona wanakosea, tutawatoaje?"

Akatabasamu. "Mama yangu, hapa sisi ni familia. Kwani nyumbani watoto walikupigia kura?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikasema kwamba watoto wangu sikuwauzia kadi, lakini nilisema kwa sauti ndogo, sidhani kama kuna aliyesikia. Nikaomba basi tupige kura ya siri. Watu wakaanza kupiga kelele, "Mikono! Mikono! Tunachelewa mechi!"

Mikono ikapanda ukumbi mzima. Kisha katibu akauliza nani anapinga. Nikainua wangu. Nilimtazama rafiki yangu, aliyekuwa ameketi ubavuni pangu. Wakati wanaokubali wakihesabiwa hakuinua, na sasa pia mikono yake ilikuwa ndani ya buibui.

"Shusha, dada," alininong'oneza. "Unatutia aibu."

Sikushusha.

"Mmoja," katibu alisema.

Kijana fulani nyuma akauliza, "Na huyu mathe ametumwa na nani?"

Swali hilo ndilo lililonifuata. Hakuna aliyenitukana. Ilianza kusemwa tu kwamba kuna watu wanatumiwa na wapinzani kuvuruga klabu, na mimi nikifika, maneno yanakatika. Mstari wetu uwanjani ukawa umejaa kila nikifika, hata nikiwahi. Burma nilienda mara moja tu, nikakuta viti vimetosha watu waliokuwapo. Hakuna aliyesogea.

Nikaanza kukaa upande wa pili, kwa mashabiki wa timu ngeni, nimevaa jezi yetu. Tukifunga bao nilisimama peke yangu, nikapiga makofi, nikaketi. Mwanamume mmoja aliniuliza kwa upole, "Mathe, umepotea?"

"Hapana," nikamjibu. "Nimekaa tu."

Gikomba meza zetu zilibaki pale pale. Rafiki yangu hakuacha kunisalimia. Ilipofika adhuhuri alisema, "Nichungie meza, naenda kuswali." Nikamchungia. Akirudi alisema ahsante. Siku nzima ikapita na hayo tu kati yetu, watu wawili waliozoea kucheka hadi wateja wanatugeukia.

Basi lilikuja, na jezi pia, nzuri kweli. Kisha wadhamini wakahamishia mechi zetu za nyumbani kwenye uwanja wa mfadhili, mbali nje ya mji. Watu wakakasirika, wakatafuta pa kulalamikia, hawakupaona. Mkutano mkuu ukaitwa, tukaambiwa tumealikwa kusikiliza taarifa. Nilidhani sasa watanikumbuka. Walinikumbuka, nadhani, ndiyo maana walizidi kunikwepa. Mtu aliyekuonya ukamcheka si rahisi kumtazama usoni.

Halafu wadhamini wakamwondoa mwenyekiti mwenyewe.

Alikuja Gikomba asubuhi moja, akashikashika mapazia kama mnunuzi. Alikuwa amekonda. "Mama," akasema, "lile swali ulilouliza siku ile."

"Nalikumbuka."

"Wachache wetu tunataka kuitisha mkutano maalumu. Nisaidie kuliuliza tena."

Ningeweza kumwambia maneno mengi. Nilimwona tu mtu aliyezoea kusalimiwa kila kona, na sasa amesimama katikati ya soko lote lile na hana wa kuongea naye ila mimi. Nikamvutia kigoda.

Mkutano wa kwanza haukufanyika, watu hawakutosha. Tulitembea nyumba kwa nyumba, Maringo, Makongeni, Kaloleni, na wengine walitufungia milango. Wa pili ukafanyika. Wadhamini walibishana nasi mchana kutwa, mwisho wakakubali nusu ya viti vya kamati vichaguliwe na wanachama, kwa kura ya siri. Nusu tu. Uwanja bado ni ule wa mbali.

Rafiki yangu alikuja siku ya kura. Nje ya ukumbi alinishika kiwiko.

"Sikukosana na wewe," akasema. "Niliogopa kuhesabiwa peke yangu."

"Hata mimi niliogopa," nikamwambia.

"Mbona ulikaa na mkono juu?"

Nikamrekebishia buibui begani. Akasema amechelewa, binti yake anamngoja. Angehamia kwa huyo binti, Kisauni kule Mombasa, mwisho wa mwezi huo. Meza yake ya Gikomba sasa ina kijana anayeuza viatu na kuvaa visikizi masikioni kutwa.

Nilipiga kura yangu nikatembea kurudi Jericho. Njiani nilijikuta nataka kumwambia mtu ni nani niliyemchagua, na kwa nini. Nikapita maduka, nikanunua sukuma wiki, nikaingia ndani. Nilikuwa na furaha, nataka ijulikane hivyo. Nilikula nikiwa nimesimama jikoni, mlango wazi, nikisikiliza watoto wa majirani wakicheza uani.